Maumivu ya mgongo yalinipeleka kwa watu sita, na hakuna aliyemjua mwenzake

Nesi aliniambia nimwage kila kilichokuwa kwenye mkoba. "Kila kitu, dada, hata vile unavyoona si dawa." Nikamwaga juu ya shuka: vidonge vyeupe vya kwenye karatasi ya fedha, vingine vya waridi ndani ya kibahasha kisicho na jina, chupa ya unga wa kahawia, tyubu ya dawa ya kuchua, kopo la virutubisho. Alivipanga mstari kwa kidole, akisoma majina kwa sauti. Alipofika cha tatu alisita, akarudi kwenye cha kwanza, akavisogeza viwili hivyo vikakaa ubavu kwa ubavu.

"Hivi ni ndugu," akasema. "Nani alikupa vyote viwili?"

Walinipa watu wawili tofauti. Mmoja aliniandikia diklofenaki, mwingine akanipa ibuprofeni, na mimi nikazimeza zote kwa miezi kadhaa nikiamini kwamba dawa mbili zitapigana na maumivu kuliko moja. Ni za familia moja na hatari zake ni zilezile: zinachubua utando wa tumbo na kuelemea figo. Siku moja kabla nilikuwa nimepata choo cheusi kama lami, nikapuuza. Jioni yake nilisimama kutoka kwenye cherehani, macho yakaingia kiza, nikaanguka. Kidonda tumboni kilikuwa kinavuja damu. Nikalazwa kwa ajili ya tumbo, wakati ugonjwa ulionitoa nyumbani miaka miwili kabla ulikuwa wa mgongo.

Naandika kwa ajili ya aliyeko pale nilipokuwa, mwenye mkoba uliojaa dawa na bado anaumwa.

Mgongo ulianza siku ya kawaida kabisa. Mimi ni fundi cherehani. Niliinua jora la kitambaa kutoka sakafuni, nikasikia kitu kama kamba inavutwa upande wa kushoto wa kiuno. Wiki mbili nilitembea nimejipinda. Kila mtu akasema litapita, na kwa watu wengi hupita kweli. Langu halikupita. Madaktari huhesabu maumivu kuwa sugu yanapovuka miezi mitatu. Mimi mwezi wa tatu ulipita nikiwa bado nahesabu siku za kupona.

Ndipo nilipoanza kuzunguka. Daktari wa kawaida alinipa vidonge. Daktari wa mifupa akanituma kupiga picha ya MRI, akaitazama kwa dakika chache, akasema diski za kiunoni, vile vitakio vya kati ya pingili za uti wa mgongo, zimechakaa na moja imetokeza. "Usiiname, usibebe kitu," akaniambia, akaniandikia mkanda wa kiuno. Mkandaji akasema misuli imefungana. Mwenye duka la dawa akanipa ibuprofeni. Mtu wa mitishamba akanipa unga wa kukoroga asubuhi na jioni. Mwalimu wa mazoezi akanilaza sakafuni, akanivutisha miguu hadi nikalia. Sita hao. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake na wote walikuwa na hakika, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza wale wengine wamenipa nini. Nami sikuwaambia. Kwa daktari niliuficha unga kwa aibu. Kwa mtu wa mitishamba nilificha vidonge kwa sababu aliniambia havichangamani na dawa yake. Nikawa namdanganya kila mtu anayejaribu kunisaidia.

Fedha ilikwenda. Niliuza cherehani ya pili, ile ya kudarizi, na pesa yake ikaishia kwenye picha, mkanda na vikao vya kukandwa. Wateja walisubiri nguo zao wiki, kisha mwezi, kisha wakaja kuchukua vitambaa vyao bila kusema kitu. Nyumbani nilikuwa mkali. Siku moja binti yangu alidondosha sahani, nikamfokea kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na tangu siku hiyo akawa anaingia chumbani kwangu kwa kunyata. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Hospitali walipokwisha kutuliza kidonda, mfamasia wa wodi alikuja na karatasi moja. Akachora jedwali: jina la dawa, kiasi, nani ameiandika, ya nini, ilianza lini. Tukajaza pamoja. Aligundua mambo mawili zaidi. Kwanza, nilikuwa nameza parasetamoli peke yake na parasetamoli nyingine iliyojificha ndani ya dawa ya mafua, nikikaribia kikomo cha gramu 4 kwa saa 24 ambacho mtu mzima hatakiwi kuvuka. Pili, ule unga. Hakuudharau. Aliuliza unaitwaje na una nini ndani, nikashindwa kujibu. Akanieleza kwamba baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimewahi kupimwa zikakutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, au dawa za kundi la diklofenaki bila kuandikwa. Sijui wangu ulikuwa na nini. Akanionya pia nisije siku nyingine nikaacha kitu cha namna hiyo ghafla kimyakimya, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ukinyang'anywa mara moja unaweza kuzidiwa. Nimwambie daktari kwanza.

Karatasi ile ndiyo niliyotoka nayo. Niliibandika kwenye jalada la ndani la daftari la vipimo vya wateja, na kuanzia hapo kila nilikokwenda nililifungua daftari kabla ya kuongea.

Nilirudi kwa daktari wa kawaida, yule wa kwanza, nikamweleza yote bila kuficha. Niliogopa atanigombeza. Aliweka kalamu chini, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mgongo ukipungua kidogo tu, unataka ufanye nini ambacho sasa hufanyi?" Nilitegemea kusema "nipone". Nikajikuta nasema nataka kushona gauni moja, mwanzo hadi mwisho, kwa siku mbili. Akaliandika juu ya ukurasa. Naomba mtu akichukua kitu kimoja humu achukue hiki: kabla ya kutafuta tiba nyingine, andika jambo moja dogo unalotaka kulifanya, kisha kila anayekutibu mwonyeshe hilo. Daktari, mkandaji na mtu wa mazoezi hawawezi kukubaliana kuhusu chanzo cha maumivu yako, lakini wanaweza kukubaliana kuhusu gauni.

Alinianzishia amitriptilini, miligramu 10 usiku. Niliposoma karatasi ya ndani nikaona imeandikwa ni dawa ya sonona, nikataka kuirudisha. Ilibidi anieleze kwamba kwa kiasi kidogo namna hiyo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu na kusaidia usingizi. Wiki mbili za mwanzo mdomo ulikauka na asubuhi nilikuwa mzito kama niliyelewa. Nikaisogeza kutoka saa nne usiku hadi saa mbili, asubuhi zikawa nyepesi. Maumivu yenyewe haikuyaondoa. Ilinipa saa sita za usingizi mfululizo, kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwa mwaka mzima, na mtu aliyelala ana subira ya kufanya mengine. Miezi baadaye daktari mwingine alitaka kuniongezea tramadoli, dawa kali ya maumivu. Nilimfungulia daftari, akaona amitriptilini, akaghairi mwenyewe: zikikutana huongeza hatari ya degedege na matatizo mengine. Sikuhitaji kujua hilo mimi. Ilitosha kwamba liliandikwa pale anapoliona.

Sasa nifike kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikwenda nikiwa na kinyongo cha yule mwalimu wa mazoezi. Huyu kaka hakunigusa siku ya kwanza. Aliomba majibu ya MRI, tukayasoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye "zimechakaa" nikaanza kulia. Akaniambia kuhusu mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. "Kama mvi," akasema. "Picha yako haisemi uongo, lakini pia haisemi kwamba umevunjika." Mwaka mzima nilikuwa naokota kijiko sakafuni kwa kupiga magoti kama mtu aliyebeba mayai, kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi. Siku hiyo aliniomba niiname niguse magoti yangu. Nilitetemeka. Nikayagusa. Hakuna kilichokatika.

Kisha akauliza: siku mbaya kabisa, unashona dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda? Nikasema kumi. "Basi anza na nane." Nikamwona hana akili. Mimi siku nzuri nilikuwa nashona saa sita bila kusimama! Akaniuliza baada ya hizo saa sita nalala siku ngapi. Tatu. Akanyamaza, akaniacha nihesabu mwenyewe.

Nilitega saa ya simu. Dakika nane, inalia, nasimama, nazunguka meza, nanyoosha mgongo kwa kuegemea ukuta, nakaa tena baada ya dakika tano. Ugumu uko kwenye kusimama wakati hujaumia bado, mshono umebaki kidole kimoja kufika mwisho, mkono unasema malizia. Wiki ya kwanza nilidanganya mara mbili na mara zote mbili nililipia usiku. Wiki ya tatu nikafika dakika kumi. Tuliongeza dakika moja au mbili kwa wiki, siku nzuri na siku mbaya vilevile, bila kuruka. Pamoja na hayo alinipa mazoezi manne tu ya nyumbani na kutembea. Manne niliyafanya. Yule mwingine alinipa kumi na mbili, nikafanya siku tatu nikaacha.

Nilimuuliza kwa woga kama niache kukandwa. Akasema la, kama kunanipa nafuu niendelee, ila nafuu hiyo niitumie. Alinieleza nadharia ambayo watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall waliitoa mwaka 1965: kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na habari za mguso zikipita hapo hupunguza nafasi ya habari za maumivu kupita. Ndiyo maana mtu akijigonga kiwiko husugua. Nafuu ile ni ya kweli na ni fupi. Kwangu hudumu siku moja na nusu. Kosa langu lilikuwa kukandwa Ijumaa, kisha kulala juu ya nafuu hiyo Jumamosi yote. Tukahamishia siku ya kukandwa iwe kabla ya siku ya kutembea mbali. Mkandaji ni yuleyule, malipo yaleyale, ila sasa kazi yake inabebwa na kazi ya mwingine. Nilimpelekea mkandaji ujumbe: asikandamize moja kwa moja juu ya mfupa, na akiona mguu wangu unakufa ganzi aache. Alifurahi kuambiwa. Alisema wateja hawamletei habari kutoka hospitali.

Mwanasaikolojia nilimkataa mara mbili. Daktari aliponitajia habari zake, nilisikia "unaigiza". Mara ya tatu nilikwenda kwa sababu ya binti yangu. Jambo la kwanza alilosema yule mama ni kwamba maumivu yangu ni ya kweli na hana nia ya kuyatilia shaka. Alichotaka ni kuona ninachojiambia yanapopanda. Akanipa kazi ya kuandika maneno yenyewe, palepale. Baada ya wiki nilikuwa na mistari kumi na tisa. Kumi na nne ilisema kitu kilekile: "uti unakatika." Kuliona limeandikwa mara kumi na nne kwa mwandiko wangu kulinishtua. Tulijifunza kupumua kwa tumbo, pumzi ndefu ya kutoa kuliko ya kuvuta, na kuweka sentensi nyingine mahali pa ile: "imepanda, imewahi kushuka." Ilichukua vikao vinane. Kikao kimoja alimwita mume wangu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema anaogopa kunigusa. Sikuwa nimejua. Nilidhani amechoka na mimi.

Tiba ya sindano, akupancha, ile ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa, nilianza mwezi uleule niliponunua godoro jipya. Hilo ni kosa. Nilipata nafuu na hadi leo siwezi kusema ni sindano au godoro, na sindano ni pesa ya kila wiki. Tangu hapo naongeza kitu kimoja kwa wakati, nakipa wiki nne hadi sita, natazama kama kimegusa usingizi au dakika za cherehani. Kisipogusa, nakiaga. Mkanda wa kiuno niliuaga hivyo. Baadaye nilisoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotoka Desemba 2023. Katika wanayopendekeza kuna elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kukandwa, tiba ya sindano, tiba ya mazungumzo na dawa za kundi la ibuprofeni. Katika wasiyopendekeza kuna mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Karibu vyote vilivyotajwa nilikuwa nimevipitia, kimoja kimoja, kila kimoja peke yake, nikavihesabu vyote kuwa vimeshindwa. Hizo dawa za kundi la ibuprofeni sasa ni mwiko kwangu kwa sababu ya tumbo, na hilo limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari.

Kuhusu daftari lenyewe. Mwanzoni nilikuwa naandika kiwango cha maumivu kila saa, sifuri hadi kumi. Usifanye hivyo. Nilikuwa nalala nikiyatafuta maumivu ili niyape namba. Sasa naandika vitu vitatu jioni: saa nilizolala, dakika nilizoshona, na kilichobadilika siku hiyo kama kipo. Ukurasa wa kwanza una dawa zote pamoja na za kuchua na za mimea. Ukurasa wa mwisho una siku mbaya: niliuandika siku nzuri, akili ikiwa imetulia, kwa sababu maumivu yakipanda sikumbuki hata jina langu. Unasema: punguza cherehani kwa nusu, usiache kabisa. Chupa ya maji ya moto dakika kumi na tano. Tembea hadi kona na kurudi, mara tatu. Parasetamoli kwa saa zilizopangwa, na uandike saa uliyomeza. Usianze tiba mpya wiki hii. Mwambie mtoto kwamba mama anaumwa na hakuna aliyekosea.

Chini yake kuna mstari ulioandikwa na daktari kwa mkono wake, wa mambo yasiyosubiri ukurasa huo wala mkandaji wala sindano: kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka, ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, mguu kuishiwa nguvu, homa pamoja na maumivu, kupungua uzito bila sababu. Hayo ni hospitali, usiku huohuo. Mimi naongeza choo cheusi.

Sijapona. Naumwa siku nyingi za wiki, kwa kiasi ambacho naweza kuongea na mteja nikiwa nacho. Gauni lile nililishona mwezi wa saba tangu nitoke hospitali, kwa siku tatu, moja zaidi ya nilivyotaka. Sasa niko dakika thelathini na tano kwa mkao mmoja. Amitriptilini tumeanza kuipunguza taratibu na daktari, na kama usingizi utaharibika tutarudi hatua moja.

Mwezi uliopita mtaalamu wangu wa fiziotherapia alihama, nikapangiwa mwingine. Nilimkabidhi daftari kabla sijakaa. Alisoma ukurasa wa kwanza kimya, akafunua wa pili, akaniuliza mkandaji ananiona siku gani. Kisha akachomoa kalamu mfukoni na kuandika mstari wake chini ya mstari wa mkandaji.